Tone Moja la Oili na Amana ya Umma

Wakati huu ambapo vikao vyetu vimeshughulika na bandari, barabara na uchumi wa buluu, huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuiona safu hii ikijitwisha habari ya oili inayovuja kutoka katika giaboksi ya pikapu ya dizeli. Wasistaajabu. Mipango mikubwa ya nchi, kabla ya kumfikia mwananchi wa kijijini, hupakiwa kwanza nyuma ya pikapu. Na pikapu hiyo ikikwama njiani kwa sababu ya mpira wenye ukubwa wa bangili, basi mpango nao umekwama, hata kama ulipitishwa kwa makofi.

Tunalotaka kulisema leo ni moja, nalo ni hili: oili inayovuja haina dawa ila kutafutwa inapotoka na kuzibwa pale pale. Kuongeza oili si kutengeneza gari. Na kiongozi anayeridhika gari la umma liongezwe oili wiki hata wiki, ilhali hajauliza inakwenda wapi, anaiharibu mali ya umma kwa kiasi kile kile ambacho mwizi angeliiharibu. Tofauti ni kwamba mwizi hukamatwa.

Hapana chombo kinachobebeshwa kazi za umma katika visiwa hivi kama pikapu. Ndiyo inayopeleka chanjo katika vituo vya afya vya mashamba, madawati katika skuli, mabomba ya maji, mbegu na masanduku ya kura. Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, magunia hutoka Mtambwe na Mkoani kwenda katika vituo vya ununuzi vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na aghalabu hubebwa na pikapu. Samaki wa Tumbe na mwani wa Paje na Jambiani husafiri hivyo hivyo. Pemba nayo ni kisiwa cha vilima na mabonde. Injini ya dizeli ina nguvu nyingi katika mwendo wa polepole, na nguvu hiyo yote, gari linapopanda mlima na mzigo mgongoni, hupita ndani ya giaboksi. Tukiongeza juu yake chumvi ya bahari, mchanga na njia za mawe, tutaona kwamba giaboksi za visiwani zinafanya kazi ngumu, na zinastahiki kuangaliwa.

Giaboksi ni sanduku la chuma lenye meno ya gia, shafti na beringi, na ndani yake mna oili. Kazi ya oili hiyo ni kulainisha meno yasisagane, kuchukua joto na kuosha chembe za chuma zinazotokana na msuguano. Giaboksi ya kawaida ya pikapu ndogo huchukua kiasi cha lita mbili na nusu hivi, ikizidi au kupungua kidogo kwa kadiri ya aina ya gari. Si oili nyingi. Mahali shafti inapoingia na inapotoka pana sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba na springi ndogo iliyoushika mdomo huo ukae juu ya shafti. Mdomo huo mwembamba ndio ukuta pekee baina ya oili na barabara.

Sasa na tufanye hesabu ambayo mtoto wa skuli ya msingi anaiweza. Tukadirie kwamba matone 20 hufanya mililita moja. Gari linalodondosha tone moja kwa kila dakika litapoteza matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72. Kwa siku 30 zitakuwa mililita 2,160, nazo ni lita mbili na zaidi. Ni kweli kwamba gari likisimama uvujaji hupungua, na likienda huzidi. Lakini maana ya hesabu hii iko wazi. Tone moja kwa dakika, ambalo dereva hulipita kila asubuhi akisema si kitu, laweza kuikausha giaboksi nzima katika muda wa mwezi mmoja au miwili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi tukumbuke kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Jambo la kwanza, basi, ni kuijua oili yenyewe. Dereva na alaze kipande cha boksi safi chini ya gari usiku, na asubuhi akitazame. Oili nyeusi tititi ni ya injini, maana oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi upesi kwa masizi. Oili nzito ya rangi ya asali au kahawia, yenye harufu kali ya kiberiti, ni ya giaboksi au ya difu. Oili nyekundu na nyepesi ni ile inayotumika katika gia za otomatiki, na katika magari mengi hutumika katika usukani wa pawa pia. Majimaji ya kijani au ya waridi yanatoka katika rejeta. Maji matupu chini ya gari lenye kiyoyozi hayana ubaya wowote. Mtu akikosea katika hatua hii atafungua giaboksi kutafuta ugonjwa ulioko kwenye injini, na fedha ya umma itakuwa imekwenda bure.

Jambo la pili ni kupajua mahali. Oili ni msafiri mdanganyifu: hutoka juu, ikapeperushwa na upepo wa mwendo, ikatambaa juu ya chuma, ikaja kudondoka nyuma kabisa, mbali na ilikotoka. Fundi anayebadilisha sili iliyo karibu na tone, bila kuchunguza, anacheza bahati nasibu. Njia ya haki ni kuiosha giaboksi yote kwa nje kwa sabuni na brashi mpaka iwe safi, kuikausha, kuipaka unga mwepesi wa poda mahali panaposhukiwa, kisha gari liendeshwe kilomita chache na kutazamwa tena kwa tochi. Palipolowa juu kuliko pengine pote ndipo penye chanzo. Kazi hii haihitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji ndoo ya maji, poda ya watoto na subira.

Mahali penyewe si pengi. Pana sili ya nyuma, ambako giaboksi hukutana na propela. Hii ndiyo inayochakaa mara nyingi, na ndiyo iliyo nyepesi kubadilishwa. Pana sili ya mbele, inayojificha nyuma ya klachi. Hii ikivuja, oili huweza kufika katika sahani ya klachi, gari likaanza kuteleza mlimani huku injini ikinguruma bure. Hapo pia fundi awe mwangalifu, maana sili ya nyuma ya injini hudondosha mahali hapo hapo, na rangi ya oili ndiyo itakayoamua kesi. Pana gasketi baina ya vipande vya sanduku. Pana bolti ya kumwagia oili, ambayo washa yake hutumiwa mara kumi ilhali ilitengenezwa itumiwe mara moja. Pana mahali pa kebo ya spidi na swichi ya taa ya rivasi. Na kwa gari linalovuta magurudumu manne, pana sanduku la pili lenye sili zake.

Kuna sababu moja ambayo mafundi wengi huisahau, nasi tunaisisitiza kwa kuwa ni ya bure kuiondoa. Juu ya giaboksi pana kitundu cha kupumulia. Giaboksi ikipata moto, hewa iliyomo ndani hutanuka, na hutokea katika kitundu hicho. Kikizibwa na tope au mchanga, hewa haina pa kupita, nayo huisukuma oili itoke kwa nguvu kupitia kwenye sili, hata kama sili ni mpya na nzuri. Watu hununua sili, na baada ya wiki huilaumu kuwa ni ya bandia, ilhali kosa ni kitundu ambacho kijiti na tambara vingelikizibua. Oili iliyojazwa kupita kiasi nayo huleta madhara yale yale. Kipimo cha giaboksi ya gia za mkono ni chepesi: gari lisimame mahali pa sawa, ifunguliwe bolti ya kujazia iliyo ubavuni, na oili iwe usawa wa mdomo wa tundu hilo. Isizidi wala isipungue.

Wavuvi wetu wenye boti za mashine wanaijua elimu hii kuliko madereva wa maofisi. Wao wanafahamu kwamba mshipi ukijizungusha katika shafti ya rafadha hukata sili, maji ya bahari yakaingia kwenye gia, na oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Mvuvi akiiona rangi hiyo haongezi oili akaenda baharini. Huivuta boti pwani siku hiyo hiyo, kwa kuwa akizimikiwa na mashine nje ya mwamba hana wa kumwandikia barua. Pikapu zinazoingizwa majini kupakia mwani au samaki hupata maradhi hayo hayo: giaboksi yenye moto ikitumbukia katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia penye kitundu au sili iliyochoka. Oili ikishageuka nyeupe, hapana shauri tena. Imwagwe yote, na panapoingia maji patafutwe.

Kuhusu kazi ya kubadilisha sili ya nyuma, tutaieleza kwa ufupi, ili mkuu wa ofisi aelewe kwamba anachoombwa kuidhinisha si muujiza. Gari huwekwa mahali pa sawa, magurudumu yakatiwa vigingi, na likasimamishwa juu ya stendi za chuma. Kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kuchezea roho. Bolti ya kujazia hufunguliwa kwanza, kisha ya kumwagia, kwani fundi aliyekwisha mwaga oili yote ndipo akagundua kwamba bolti ya kujazia imeshika kutu na haifunguki, amelifunga gari kwa mikono yake. Propela hutiwa alama ya chaki irudi kama ilivyokuwa, ikafunguliwa, na sili kuukuu ikang'olewa bila kukwaruza chuma kinachoizunguka.

Hapa fundi mwema husita kidogo. Huipitishia shafti ukucha, akatazama kama mdomo wa sili umechimba mfereji. Huitikisa shafti, akapima kama inacheza. Penye mfereji, au penye bushi iliyolika, sili mpya itavuja katika siku chache, na kulalamika hakutasaidia: ugonjwa uko katika shafti au bushi, nayo sili ni dalili tu. Mambo yakiwa salama, sili mpya hupakwa oili kidogo mdomoni, ikaelekezwa upande wenye springi ndani kuliko na oili, ikagongwa taratibu pande zote kwa kipande cha bomba chenye ukubwa wake mpaka ikae sawasawa. Propela hurudishwa penye alama, oili mpya ikatiwa mpaka mdomo wa tundu, gari likaendeshwa, likatazamwa tena. Kwa fundi mwenye uzoefu na vifaa, ni kazi ya asubuhi moja. Sili ya mbele ni habari nyingine, maana giaboksi yote hushushwa. Na ikishashushwa, ni ujinga kuirudisha bila kuikagua klachi na beringi yake.

Oili nayo isiwe yoyote iliyopatikana dukani. Kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Giaboksi nyingi za gia za mkono hutaka oili yenye alama ya GL-4, ilhali difu hutaka GL-5. Na baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa viwezavyo kuila shaba ya ringi zinazolinganisha gia. Giaboksi za otomatiki zina oili yake peke yake, na kuchanganya ni hatari. Katika hizo, pa kutazamwa kwanza ni mabomba yanayopeleka oili kupozwa kwenye rejeta, na gasketi ya sinia la chini. Na bolti za sinia hilo zisikazwe kwa hasira, maana sinia likipinda litavuja zaidi kuliko mwanzo. Oili nyekundu ikionekana ndani ya maji ya rejeta, gari lisiendeshwe tena hata hatua moja.

Tunawaonya wananchi pia juu ya tiba za uongo. Iko tabia ya kupaka silikoni kwa nje, juu ya uchafu na oili, kama mtu anayefunga kidonda bila ya kukiosha. Oili itaisukuma silikoni hiyo kabla ya juma kwisha. Ziko na dawa za kopo zinazotiwa ndani ili mpira wa sili uvimbe. Pengine huupunguza uvujaji kwa muda, na zaweza kumfikisha msafiri nyumbani, lakini hazirudishi mpira uliokatika wala hazijazi mfereji wa shafti. Dawa ya kusubirishia haifai kuandikwa katika hesabu za Serikali kuwa ni matengenezo.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kushuhudia, katika ofisi moja ya wilaya ambayo hatutaitaja, mwenendo wa jambo hili toka mwanzo hata mwisho. Dereva, mtu mzima na mwaminifu, aliona doa chini ya pikapu akatoa taarifa. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Barua ikaenda kwa afisa usafiri, ikatoka kwa afisa usafiri ikaenda kwa mhasibu, mhasibu akataka makadirio kutoka gereji tatu, na gereji ya tatu ilikuwa Unguja. Wakati huo wote kazi hazikusimama, na dereva aliruhusiwa kununua lita moja ya oili kila wiki, kwa kuwa oili ilikuwa na fungu lake na sili haikuwa na fungu. Siku za vuli, gari likiwa limepakia mabati ya skuli, giaboksi ililia mlimani kama mnyama, kisha ikanyamaza. Pikapu ilikokotwa mpaka chini ya mwembe wa ofisi, na kuku wa jirani wakapata pa kutagia. Barua ya sili ilikuwa bado juu ya meza.

Hatukukisimulia kisa hicho ili tucheke. Mabati yale yalikuwa ya paa la darasa. Mama mjamzito wa kijiji kile, ambaye angeliteremshwa hospitali kwa pikapu ile, alitafutiwa gari la kukodi kwa michango ya majirani usiku. Na fedha iliyokuja kutumika kutafuta giaboksi kuukuu kutoka Dar es Salaam, kuivusha bahari mara mbili na kuifunga, ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya sili, ambayo haifiki bei ya tangi moja la dizeli. Katika hesabu zote hakuna aliyeiba hata senti. Risiti zilikuwa kamili, mihuri ilikuwepo, na mali ya umma ilikuwa imekufa.

Wazee wetu waliokuwa makazini miaka ya mwanzo ya 1980 hawakuwa na anasa ya uzembe kama huo. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na bei ya karafuu katika soko la dunia ilianguka katika muongo huo. Vipuri havikupatikana madukani. Mafundi wa wakati huo walikata gasketi kwa makaratasi magumu, wakachonga bushi kwa mashine za kuchongea, wakaiosha washa ya shaba kwa moto ili ilainike itumike tena. Hatuiombi nchi irudi katika dhiki ile. Tunasema tu kwamba waliokuwa na kidogo walikitunza, nasi tuliopata kingi tumeanza kukidharau. Azimio la Arusha la 1967 lilifundisha kujitegemea. Na taifa lisiloweza kuziba tone la oili katika gari lake lina safari ndefu ya kujitegemea.

Tunawajua watakaotujibu kwamba sheria za manunuzi ziliwekwa kwa hekima, na kwamba fedha ndogo ndogo zikiachwa mikononi mwa wakuu wa ofisi zitaliwa. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Wapo waliobadilisha sili kumi kwa mwaka katika gari lenye sili nne. Lakini dawa ya udanganyifu si kuliacha gari life. Dawa ni kumtaka fundi arudishe stoo sili kuukuu aliyoing'oa, ifungwe kikaratasi chenye namba ya gari, tarehe na kilomita, na mkaguzi akija aikute. Sili kuukuu haisemi uongo: ina mdomo uliolika au haina. Kipande hicho cha mpira kitailinda fedha ya Serikali kuliko makadirio ya gereji tatu.

Wapo pia watakaosema, kwa nini tusumbuke na makuukuu, na yanunuliwe magari mapya. Gari jipya nalo lina sili zile zile, kitundu kile kile cha kupumulia, na litapita njia zile zile. Ofisi iliyoiua pikapu ya kwanza kwa kutotazama chini yake itaiua na ya pili. Gari hubadilika kwa kulipiwa. Tabia ya watu wanaolitumia haiuzwi dukani.

Jambo jingine lisilosemwa vya kutosha ni ardhi yetu. Visiwa hivi havina mito mikubwa wala maziwa. Maji tunayokunywa hutoka chini, tangu zama ambazo mji ulivutiwa maji kwa mabomba kutoka chemchemi, enzi ya Sayyid Barghash katika karne ya 19, mpaka visima vya leo. Na eneo kubwa la Unguja, khasa mashariki na kusini, ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu. Oili inayomwagwa nyuma ya gereji haina udongo mnene wa kuizuia. Hushuka ilikoshuka mvua. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, lakini sheria haiwezi kushika ndoo. Kila gereji, ya Serikali na ya mtu binafsi, lazima iwe na pipa la oili chafu lenye kifuniko, na awepo wa kulichukua. Na oili inayodondoka barabarani haipotei: mvua ya kwanza ikinyesha hupanda juu ya lami, na kijana wa bodaboda ndiye anayeilipa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, na tunayapendekeza kwa wenye mamlaka ya kuyatekeleza.

Kwanza, kila dereva wa gari la umma atazame chini ya gari lake kila asubuhi kabla ya kuliwasha, na aandike alichokiona katika daftari la gari. Neno "pakavu" nalo liandikwe.

Pili, kila ofisi ya wilaya ipewe fungu dogo la matengenezo ya awali, lenye kikomo, ambalo mkuu wa ofisi aweza kuliidhinisha siku hiyo hiyo, kwa masharti ya sili kuukuu tuliyoyataja. Na iwe mwiko kuidhinisha oili ya kuongezea mara ya pili bila ya maelezo ya mahali inapovuja.

Tatu, pawekwe akiba ya sili, gasketi na washa za magari yanayotumika zaidi, Unguja na Pemba pia. Pemba isisubiri meli kwa kitu kinachoingia katika mfuko wa shati.

Nne, vijana wanaohitimu katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji wapewe nafasi ya kufanya kazi hizi katika magari ya umma, chini ya mafundi wazee. Elimu ya kusikiliza giaboksi haimo vitabuni peke yake. Iko katika masikio ya wazee ambao wanastaafu mmoja mmoja.

Tano, gari la umma likifa kwa kukosa oili, atakayeulizwa wa kwanza asiwe dereva. Aulizwe yule ambaye barua ya dereva ilikaa juu ya meza yake.

Sisi tuliokaa vyuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa mapema maana ya amana. Mtu aliyewekewa kitu cha mwenzake hujibika kwacho zaidi ya kilicho chake, na israfu ni israfu hata ikiwa tone kwa tone. Chama nacho kimewafundisha makada wake kwamba mali ya umma ina mwenyewe, naye ni mkulima wa karafuu, mvuvi na mama anayefunga mwani, ambao kodi zao zimeinunua pikapu ile. Hawa hawakualikwa katika kikao cha manunuzi, wala hawatasoma makadirio ya gereji tatu. Wao wataijua Serikali yao kwa kuangalia kama gari limefika au halikufika.

Leo jioni, ndugu mkuu wa ofisi, kabla hujafunga mlango, mwite dereva wako umuulize swali moja: gari letu linavuja? Akisema ndiyo, muulize linavuja wapi. Na ikiwa hajui, msiende nyumbani. Itafuteni tochi, mwiname pamoja.